Ng'ombe wa Mlangoni: Maisha ya Scholastica Gidagorja, Mama Sele

Tumsifu Yesu Kristo kwa mnaosalimiwa hivyo, asalaam aleykum kwa mnaosalimiwa hivyo, na wazee wa ukoo wa marehemu mliotoka Hanang, shikamooni. Baba Padre, katekista, mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Nangara, majirani na waombolezaji wote, mimi naitwa Zuwena, Mama Tunu, mke mkubwa wa hayati Alawi Sele, na huyu aliyelala mbele yenu alikuwa mke mwenzangu kwa miaka thelathini ya uhai wa mume wetu na miaka kumi na tano ya ujane wetu, kwa hiyo mnaonong'ona huko nyuma kwamba inakuwaje mke mwenza ndiye asome historia, jibu ni kwamba aliyetaka hivyo ni yeye mwenyewe, alimwambia katekista nikiwa nimesimama palepale na bakuli mkononi, "Asome Mama Tunu, wengine watanisifu mpaka nisijitambue," na mimi sikukataa, kwa sababu alichosema ni kweli.

Kabla sijaanza, kuna jambo kila mtu analiona na hakuna anayelisema, na mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Ile pikapu nyeupe iliyoegeshwa nje ya fensi, na yule mtamba mwekundu aliyefungwa karibu na tangi la maji, vimeletwa na Mzee Raphael Gidagorja, kaka wa marehemu, pamoja na wazee wenzake, na wamekuja ili nishike ile kamba, kwamba nikiishika dada yao anapanda gari kwenda kuzikwa Hanang pembeni ya baba yake, na nisipoishika anazikwa Nakwa, kwenye shamba letu alikozikwa mume wetu, ambako kaburi limeshachimbwa. Watoto wa marehemu wameulizwa, wakasema mwenye jibu ni Mama Mkubwa, yaani mimi. Nimeambiwa nisome kwanza halafu nijibu. Basi sikilizeni, kwa sababu jibu langu linatoka humuhumu.

Marehemu Scholastica alizaliwa tarehe 12 Machi, 1959, katika uwanda wa Hanang, akiwa binti wa kwanza kwa mama yake na binti aliyependwa kuliko wote kwa baba yake, marehemu Mzee Gidagorja, ambaye wazee waliopo hapa hawana haja ya kuelezwa alikuwa nani, maana nyumbani kwake watu walifika kutoka mbali kuamuliwa kesi za malisho na za visima, wakakaa juu ya ngozi wakisubiri zamu, na alipokohoa tu, boma zima lilinyamaza. Jina alilopewa na wazazi wake ni Udagwenga. Tarehe hiyo ya kuzaliwa iliandikwa na masista waliokuwa wakipita kuchanja watoto, na niseme wazi kwamba hata hiyo tarehe nilimwonea wivu, kwa sababu mimi nilizaliwa mwaka huohuo hapa Babati, nyuma ya duka, katikati ya magunia ya chumvi, na hakuna aliyeandika kitu, ikabidi ukubwani nijichagulie siku yangu mwenyewe.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974 alipomaliza darasa la saba, na mwaka 1971, akiwa shuleni, alibatizwa na kupewa jina la Scholastica. Baba yake hakupenda shule, ila alitaka awe na mtoto mmoja wa kumsomea karatasi za serikali, akamchagua yeye. Wapo watu hapa mjini wanaosema kwamba mimi nilifundishwa kusoma na marehemu, na naomba leo wakome, kwa sababu mimi nilijifunza mwenyewe, dukani, kwenye magazeti ya kufungia sukari, kabla hata sijamjua, na nilikuwa nikipata habari nusunusu kwa kuwa nusu nyingine imeondoka na mteja.

Marehemu aliolewa tarehe 4 Agosti, 1979, na mume wetu Alawi Sele, na ndoa hiyo haikuanza kwa kupendana. Miaka ile nyumba ya wakwe zangu ndiyo iliyokuwa ikinunua ng'ombe minadani na kuwasafirisha, lakini watu wake kila wakikatiza uwandani walipata misukosuko, na Mzee Gidagorja naye ukame ulikuwa umembana, akawa anahitaji mahali pa kuaminika pa kuuzia mifugo na kununulia mahindi. Mama mkwe wangu, Bi Tunu, mwanamke mfupi mwenye akili ndefu, alipanda lori akaenda mwenyewe mpaka kwa mzee, wakazungumza, wakaelewana, na katikati ya maelewano yao wakamweka binti wa miaka ishirini ambaye hakuulizwa, na mke aliyekuwa ameshaolewa katika nyumba hiyo, ambaye ni mimi, nikiwa na mtoto wangu Tunu, aliyepewa jina la bibi yake, mgongoni, na ambaye pia hakuulizwa.

Siku ya harusi lori lilisimama pale barabarani, mbele ya lango hilihili, likiwa limejaa ndugu zake wakiimba, na yeye juu yao wote, mrefu, amevaa sketi ya ngozi yenye shanga na bangili za shaba mpaka kwenye viwiko, na shingo yake hiyo mnayoijua, na watu wa Nangara wote walitoka nje kumtazama. Mimi nilimtazama kupitia dirisha la jikoni. Lori likazimwa, nyimbo zikaisha, bibi harusi hashuki. Bi Tunu akatoka na doti ya khanga, akasema, "Mwanangu, shuka, jua kali," wala hakutikisika, wakaleta bangili za dhahabu, wakaleta cherehani, mjomba mmoja wa upande wetu akaahidi kitanda cha mninga, na kimya ni kilekile, mpaka watu wetu wakaanza kunong'ona kwamba msichana amekataa ndoa, na Alawi, akiwa na kanzu yake mpya, jasho linamtoka kama mbeba mizigo. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kwao bibi harusi haingii lango la nyumba ya mume mpaka mtu wa nyumba ile amtamkie ng'ombe, ng'ombe mzima anayepumua, na mwenzetu Raphael, aliyekuwa kijana amesimama na fimbo yake, alipoulizwa kulikoni alijibu neno moja tu, "Hashuki," na hakufafanua.

Wali ulikuwa unaungua, mtoto analia, na wageni wote wanamtazama mwanamke aliyekuja kukaa kwangu. Nikatoka na mwiko mkononi. Zizini nilikuwa na ng'ombe wangu mmoja, Kidoti, niliyepewa na marehemu baba siku niliyoolewa mimi, siku ambayo halikuja lori wala hakuja mtu wa kunitazama shingo, na kwa hasira nikapiga kelele mbele ya watu wote, "Shuka basi! Unataka nini tena? Chumba umeshapewa, mume umeshapewa, chukua na Kidoti, chukua na kamba yake, shuka wali unaungua!" Yule binti akanitazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni ng'ombe wako wewe?" nikamwambia, "Sasa nitakupa wa jirani?" Akashuka. Ndugu zake wakapiga vigelegele lori likatikisika, Bi Tunu akanikumbatia, na mimi nikabaki nimesimama na mwiko, sijui nimefanya nini, najua tu kwamba ng'ombe nimepoteza.

Tangu siku hiyo tuliishi uwanja mmoja, milango yetu inatazamana, na sitawadanganya kwamba tulikuwa kama dada na dada, maana wengi wenu mlisikia kelele zetu kutoka barabarani. Alikuja na vibuyu vyake vya maziwa anavyovifukiza kwa vijinga vya moto, na Alawi, ambaye kwangu alikuwa anakunywa chai ya rangi bila neno, akaanza kusema maziwa bila moshi si maziwa. Alikuja na mwendo wake wa taratibu, Bi Tunu akawa anatuambia sisi wanawake wengine wa nyumba, "Mwoneni Scholastica anavyotembea," kama vile sisi tulikuwa tunatambaa. Ndugu zake walikuja kila mwezi wa mnada, wakakaa naye pale chini ya paa la zizi wakizungumza kikwao na kucheka, nikajua nasemwa mimi, na mwaka huu akiwa kitandani nilimuuliza, "Hebu niambie, siku zile mlikuwa mnacheka nini?" akajibu, "Tulikuwa tunazungumza habari za mvua." Mvua gani inachekesha vile? Sikumwamini, na mpaka leo simwamini.

Mwaka 1983, wakati wa msako wa wafanyabiashara, duka letu lilifungwa na mume wetu akashikiliwa kwa muda, baadaye akaachiwa hana hatia, lakini katika kipindi hicho nyumba hii haikuwa na unga wala sabuni, na marafiki zetu wa dukani walibadilisha njia wasipite hapa. Waliokuja ni watu wa Mzee Gidagorja, walikuja kwa miguu wakiswaga ng'ombe wa maziwa na madume mawili ya kuchinja, wakasema mzee amesema mkwe wake asilale njaa. Nyama ile niliila, nilikuwa na njaa, lakini niliila nimenuna, kwa sababu kuanzia siku hiyo ilijulikana ni nani anailisha nyumba, na haikuwa mimi.

Mwaka 1986 Bi Tunu, akiwa ameanza kupoteza nguvu za macho, alitoa funguo za stoo, na hakunipa mimi niliyemkuta na kumtumikia, alimpa yeye. Nilivumilia wiki moja. Halafu nikamtuma mtu kwa siri mpaka Hanang, kwamba njooni mmchukue dada yenu, hapa hakukaliki. Wakaja wanne, Raphael akiwa ndiye mkubwa wao, nikawapikia pilau sinia mbili nikidhani ndiyo ya kuagana, wakala, wakanawa, na Raphael akasema maneno ambayo leo nayarudisha kama alivyoyasema mwenyewe, "Shemeji, huyu alipewa ng'ombe mlangoni, na kwetu anayempa bibi harusi ng'ombe wa mlangoni ndiye amemzaa upya katika nyumba ile, ni mtu wake, na sisi hatuna uwezo wa kumchukua mpaka aliyetoa arudishiwe ng'ombe wake na aipokee kamba kwa mkono wake." Nikamwambia, "Basi nirudishieni hata leo!" Akasema, "Mzee hajatoa ng'ombe wa kurudisha, na hatatoa, maneno yake na Bi Tunu hayavunjwi kwa ajili ya funguo." Wakapanda basi wakaenda zao. Ndiyo siku niliyojua kwamba kwa hasira zangu za wali kuungua nilikuwa nimejizalia mke mwenza.

Katika ndoa hiyo marehemu alijaliwa watoto watatu, Sele aliyezaliwa tarehe 20 Juni, 1981, Hadija aliyezaliwa tarehe 2 Februari, 1984, na mtoto wa mwisho, John, aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba, 1987, ambaye surua ilimchukua akiwa hajatimiza mwaka na nusu. Mtoto huyo alipenda mgongo wangu kuliko mgongo wa mama yake, jambo ambalo nilihakikisha kila mtu analiona, na alifia mgongoni kwangu tukiwa njiani kwenda hospitali, mama yake akitembea pembeni ameshika kile kiguu kidogo. Watu walipofika msibani walinipa pole mimi kwanza. Yeye hakukasirika. Nilisubiri akasirike, kama ambavyo mimi ningekasirika, lakini alisogea kwenye mkeka akanipa nafasi ya kukaa, na sikumsamehe kwa muda mrefu kwa kunishinda hata pale.

Kwa upande wa kazi, marehemu alisimamia biashara ya mifugo ya familia kuanzia mwaka 1988, na mwaka 1993 alifungua duka la dawa za mifugo pale karibu na stendi, duka ambalo wafugaji walijaa mpaka nje kwa kuwa ndipo mahali pekee mjini walipohudumiwa kwa lugha yao na kupewa kiti. Mimi nilibaki na duka la sukari na sabuni mlango wa pili, na wateja wake walikuja kwangu kuomba chenji. Mwaka 1998 ng'ombe walipoingia kwenye mahindi ya watu kule Nakwa, vijana wa pande zote mbili wakatoka na fimbo na mapanga, marehemu alikwenda akaketi kwenye mfereji katikati yao, kwenye tope, na gauni lake zuri, akaanza kuwauliza kila mmoja habari za mama yake kwa jina, huyu kwa Kiswahili, huyu kwa kikwao, mpaka wakaona aibu kupigana mbele yake. Najua kwa sababu nilikuwepo, nilimfuata nikiwa nimebeba kiti, nikimwambia, "Amka kwenye tope, unajiona nani?" akasema, "Mama Tunu, kaa na wewe," nikakaa, kile kiti tukakiacha kitupu.

Mume wetu alifariki tarehe 17 Novemba, 2009. Baada ya kumaliza eda yangu na yeye kumaliza maombolezo yake, alirudi kwenye sakramenti za Kanisa, akawa mwanachama wa jumuiya hadi mwisho, na kila Jumapili nilimwona akipita na kitenge chake cha kina mama, nami nikabaki nachambua mchele, najisemea sasa amepata na watu wengine wa kumsifu. Na leo nikiwatazama mlivyojaa, mpaka mmekaa juu ya ukuta wa jirani, nawauliza kwa nia njema kabisa, siku yangu mtakuja wangapi?

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2017, na mwaka jana mwezi wa tisa ikagundulika kwamba figo zimechoka, akatibiwa hapa Babati, akapelekwa hospitali kubwa, akarudishwa nyumbani mwezi wa pili mwaka huu. Watoto walitaka kuajiri binti wa kumwangalia, nikakataa, maana sikutaka mtu mwingine ajue anapenda uji wake vipi. Tarehe 14 Mei, 2024, siku ya Jumanne, asubuhi saa mbili kasoro, nilimpelekea uji, akaonja kijiko kimoja, akasema, "Mama Tunu, umeungua," nikamjibu haukuungua, akatabasamu, akageukia ukutani. Nikatoka na bakuli, nikauonja mlangoni, nikarudi kumwambia kwamba uji haukuungua, nikakuta ameshaondoka. Neno la mwisho limebaki lake, kama kawaida yake. Na uji haukuwa umeungua.

Sasa nifike kwenye shukrani. Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, Baba Padre na jumuiya yake, wanawake wa Nangara ambao mmepika hapa tangu Jumanne bila kuulizana dini, wafanyabiashara wa stendi na wafugaji mliofunga shughuli zenu, na waliochimba kaburi Nakwa tangu alfajiri. Nawashukuru wazee wa Hanang. Kaka Raphael, shikamoo tena, nimekuona umesimama, umeshajua ninakokwenda. Mwaka 1986 nilimlilia huyu mtamba, na machozi niliyamwaga, na hamkumleta, na kama mngemleta siku ile ningeishika kamba kwa mikono miwili na kumswaga dada yenu mpaka stendi. Mmemleta leo bila kuombwa, ni mtamba mzuri, amenenepa, wala sina neno naye. Mnasema ni binti wa Gidagorja na mahali pake ni pembeni ya baba yake, na ni kweli alikuwa binti wa Gidagorja kwa miaka ishirini, lakini miaka iliyobaki mliniachia mimi, mkaniambia ni mtu wangu, mkala na pilau yangu, na mimi nikakaa naye, nikagombana naye, nikamchukia maziwa yake na shingo yake na funguo zake, nikamwuguza, na sasa mnataka mumchukue mkae naye nyinyi, mumwambie habari za mvua, mcheke, mimi nikiwa sipo? Haiwezekani. Kamba siishiki. Sele, mwanangu, mfungue yule mtamba umrudishe kwenye gari la mjomba wako kwa heshima, na nyinyi vijana mliobeba, njia ya Nakwa mnaijua, na pembeni ya hilo kaburi naomba mniachie nafasi ya upande wa juu, maana mimi ndiye mke mkubwa.

Mama Sele, ng'ombe nilikupa kwa hasira, lakini nilikupa, na sijamdai. Pumzika, kwa ile amani ambayo mimi na wewe hatukuwahi kupeana, na nikija usinipishe mkeka, kaa hapohapo ulipo.